Katibu na Wageni Wasiosimama

Kwa miaka yote niliyomjua sikuwahi kumwita kwa jina lake. Nilimwita Katibu, kama walivyomwita watu wa kanisa lake, na kama walivyokuja kumwita hata wauza miraa walio nje ya duka langu, ambao kanisa lenyewe wanalijua kwa ukuta tu. Jina lake nalijua, lakini silitaji hapa. Mwenyewe asingependa. Alikuwa mtu wa kuuliza majina ya wengine, lake akilificha chini ya kazi.

Mimi nina saiba hapa Garissa, karibu na Soko Mugdi: kompyuta chache, mashine ya kuchapa, na feni inayozunguka ikitaka. Ni Msomali, Mwislamu, mtoto wa watu wa ng'ombe, na hadi leo sijawahi kuingia kanisani. Utauliza basi, mimi na kanisa wapi na wapi? Katibu alitaka tovuti, na aliyejua kuitengeneza kwa bei ya watu wa Garissa ni mimi. Isitoshe, mimi ni mdadisi. Mama husema nilipozaliwa tu nilitaka kumuuliza mkunga ametoka wapi. Mtu mzima wa kanisa, kofia mkononi, akiingia kwangu kutaka tovuti, nitaachaje kumuuliza ya nini?

"Abaayo," aliniambia siku hiyo ya kwanza. Abaayo ni dada kwa Kisomali, na watu wa bara wakikaa hapa vya kutosha huanza kutuita hivyo. "Abaayo, kanisa letu linaisha."

Alilisema kama mtu anayesema sukari imeisha. Waumini wao karibu wote walikuwa walimu, wauguzi na watu wa ofisi waliotoka bara. Baada ya yale mashambulizi yaliyotupata mjini humu, ambayo sitayarudia, wengi waliomba uhamisho wakaenda, na waliokuja nafasi zao walikuwa wachache tena waoga. Ofisi kuu ya kanisa lao huko Nairobi ilikuwa imemwambia bila kumung'unya maneno: watu wakiendelea kupungua, mchungaji ataondolewa na jengo litafungwa. Katibu alikuwa amesikia kwamba makanisa ya mijini yanapata watu kupitia mtandao. Basi akataka mtandao. Alitaka wageni waje.

"Wageni wa kuingia kwenye tovuti au wa kuingia kanisani?" nikamuuliza.

"Si ni walewale?"

Hapo ndipo nilipoanza kumpenda yule mzee, na ndipo kazi yangu ilipoanza pia.

Nianze na simu yake, maana ndiyo iliyokuwa ikinichekesha kuliko yote. Mwenye tovuti alikuwa na mulika mwizi, ile simu ndogo ya tochi, imefungwa mpira wa kufungia noti katikati ili betri isidondoke. Simu za kioo hakuzitaka. Alisema zinamfanya mtu ainamishe kichwa kama anayekula peke yake. Tovuti yake mwenyewe aliiona kwangu tu, kwenye kompyuta iliyo karibu na mlango, akiisoma kwa sauti ya chini toka juu hadi chini, na akifika mwisho anarudi kusoma tena kuona kama kuna kilichobadilika. Nikimwambia ukurasa haubadiliki wenyewe, anasema, "Nahakikisha."

Alikuwa karani wa serikali maisha yake yote na ukarani haukumtoka. Shati jeupe kila siku, katika joto letu hili, limefungwa hadi kifungo cha shingo. Feni nikimwelekezea anaigeuza upande wa mteja mwingine. Akiketi, haegemei. Kama stima imepotea haondoki, anakaa palepale mbele ya kompyuta iliyozimika, mikono magotini. Siku moja nilimwambia aende nyumbani nitamwita ikirudi. Akasema, "Nikienda, ikirudi itanikuta sipo," na kwa kweli ilirudi akiwa amekaa, akanitazama kwa ushindi.

Sasa niseme habari ya kusimama, maana bila hiyo humwelewi.

Katika makanisa yao, Jumapili, ikifika saa ya matangazo, Katibu husimama mbele na kusema wageni wote wasimame. Mgeni anainuka pale alipo, anataja jina, anataja kanisa alikotoka na aliyemleta, na watu wanampigia makofi. Baadaye anaitwa kando apewe chai. Katibu alinieleza hayo macho yakimng'aa. Kwake ibada isiyosimamisha wageni ilikuwa kama harusi isiyo na chakula. Basi alipokuja na mpango wake wa tovuti, ukurasa wa kwanza kabisa ulikuwa huu: *Mgeni, karibu. Tafadhali simama.* Chini yake, nafasi ya kujaza jina. Chini ya jina, kanisa lako la nyumbani. Chini yake, aliyekuelekeza kwetu. Na namba ya simu. Usipojaza huendi ndani.

Nilimwambia, "Katibu, hakuna mtu atajaza hii."

"Kwa nini?"

"Wewe ungeingia kwenye duka ambalo mlangoni unaulizwa baba yako ni nani?"

"Lakini hili si duka. Hapa anapokewa."

Tulibishana. Mwishowe nikaitengeneza alivyotaka, maana pesa ni zake. Nikamwekea pia kile kihesabu kidogo cha kuonyesha ni watu wangapi wamefika mlangoni na wangapi wamepita ndani. Walikuwa wanafika. Hakuna aliyekuwa anapita. Kila alasiri anakuja, anatazama, anavaa kofia, anaondoka. Ungedhani ameandaa pilau na wageni wanachungulia dirishani halafu wanajiendea zao.

Na mji wenyewe ndio huu. Mtu wa bara aliyetumwa Garissa, anasoma simu akiwa na hofu zake, umwambie aandike jina lake na kwamba ni Mkristo na namba yake, aipeleke kwa watu asiowajua? Hata mimi ningekimbia. Jambo la ajabu ni kwamba Katibu mwenyewe hofu hiyo aliijua kuliko mtu yeyote. Kamati ya kanisa ilikuwa imekata shauri, na yeye ndiye aliyeliandika: tovuti isitaje kanisa liko mtaa gani, isitaje saa ya ibada, isiweke picha yenye sura ya mtu. Kwa hiyo ulikuwa na kanisa linaloita wageni kwa mdomo mpana, halisemi liko wapi, halisemi lini, na linataka kujua wewe ni nani. Nilimuuliza kama haoni kichekesho. Alifikiri sana. Akasema, "Naona. Lakini yote mawili ni ya lazima."

Ndivyo alivyokuwa. Lango la kanisa lao lina askari na kile chuma cha kupitisha mwilini kutafuta silaha, na Katibu ndiye aliyekuwa mkali kuliko askari. Lakini mtu akishapita lango, Katibu huyohuyo angemvua viatu amwoshe miguu kama angeruhusiwa. Kisirani na ukarimu vilikaa ndani yake bila kugombana, na mimi nilikuwa napenda kumchokoza nione kipi kitatoka kwanza.

Lazima niseme na habari ya ndugu wa Uholanzi, ingawa Katibu hakupenda niirudie. Kihesabu changu kilikuwa kinaonyesha mgeni ametoka nchi gani. Muda si mrefu akatokea mgeni mmoja kutoka Uholanzi. Alikuja asubuhi, akaja mchana, akaja usiku, siku zote saba. Hakujaza chochote lakini hakukata tamaa. Katibu alipomwona hakutulia. Mtu wa mbali namna hiyo, anagonga mlango kila saa. Ana shida gani? Ni mgonjwa? Ni mtoto wetu aliyepotelea ughaibuni? Akapeleka jambo hilo kanisani, na kanisa zima likaanza kumwombea ndugu wa Uholanzi. Akinamama walifunga kwa ajili yake.

Mimi sikujua. Nilikuja kujua aliponiuliza kama kuna namna ya kumtumia salamu. Ilibidi nimweleze kwamba yule si mtu, ni mashine. Kuna mashine zinazozunguka mtandaoni kusoma kurasa za watu wote ili watu wakitafuta kitu wakipate, na hiyo moja ilikuwa imekaa Uholanzi. Nilitarajia ataona aibu. Akavua miwani, akaifuta, akauliza, "Kwa hiyo inasoma halafu inawaambia watu?"

"Kama ndivyo ungependa kusema, ndiyo."

"Basi maombi hayakupotea."

Nilicheka hadi mteja wa pembeni akageuka. Katibu hakucheka. Kuanzia siku hiyo, alisema, alikuwa akiomba mashine hiyo isome vizuri.

Walimu wapya huja Januari. Ndio msimu wangu wa kuchapa barua za kuripoti kazini, na duka hujaa vijana wenye mabegi na macho ya kutafuta. Januari moja aliingia msichana mmoja, mwalimu, kutoka huko kwa baridi, sweta kiunoni. Wakati nachapa barua yake akaniuliza maswali yote kwa pumzi moja. Maji ya bomba yananyweka? Anaweza kutoka bila kujifunika kichwa? Ramadhani atakula wapi mchana? Ni kweli barabara ya Wajir haipitiki bila polisi? Kabla sijafungua mdomo, Katibu kwenye kompyuta ya mlangoni akageuza kiti.

Alimjibu kila moja. Maji achemshe, kisha ayaache kwenye mtungi usiku kucha, yatapoa yenyewe. Kichwa hakuna atakayemlazimisha, lakini awe na leso mkobani, kuna siku ataitaka mwenyewe, kwa jua tu. Ramadhani ale ndani kwake, asile njiani, si kwa kuogopa, kwa heshima. Akialikwa kufuturu aende. Akipewa maziwa ya ngamia yenye harufu ya moshi asikunje uso, anywe kidogo kidogo, siku ya tatu atayapenda. Na mtu akimsalimia asikimbilie kusema shida yake, aulize kwanza habari za nyumbani, za watoto, za mifugo, za mvua, hata kama ana haraka. Na akienda kwao likizo kisha akarudi Januari, basi akae upande wa mlango wa basi, maana jua la Januari linachoma upande wa dereva njia nzima.

Msichana alikuwa anaandika kwenye simu. Alipotoka alikuwa anatembea tofauti.

Nikamwambia, "Katibu, weka hayo kwenye tovuti."

"Hayo si neno la Mungu."

"Sawa. Na neno la Mungu limesomwa na nani hadi leo, ukitoa Mholanzi?"

Alikasirika. Alivaa kofia akaenda zake, na kwa siku kadhaa sikumwona. Nilidhani nimepoteza mteja, na kusema kweli nilimkumbuka, kompyuta ya mlangoni ilionekana tupu hata mtu mwingine akiikalia. Kisha akaja na karatasi zilizoandikwa kwa mkono wake wa karani, pande zote mbili. Juu kabisa: *Umehamishiwa Huku? Soma Hapa Kwanza.*

"Na ile ya kusimama?" nikauliza.

Akaniambia kwamba Jumapili iliyopita alikuja muuguzi mgeni akakaa nyuma kabisa. Saa ya matangazo Katibu alisema wageni wasimame. Yule mama aliinamisha uso, hakuinuka. Katibu akasubiri, kanisa zima likageuka, na Katibu akarudia kusema. Mama alichukua mkoba wake akatoka, askari wa lango anasema alikuwa analia.

"Itoe," Katibu akasema. "Waingie tu."

Nikaitoa palepale. Tukaweka karatasi zake, na zile alizoleta wiki iliyofuata, na ya baadaye. Alikuwa na sheria zake za kuandika. Nikiongeza maneno ya mapambo anayafuta. "Msomaji wetu yuko ndani ya basi," angesema, "na jua liko upande wake. Mwandikie anachotaka kujua." Mto Tana ukijaa maji, aliandika kila asubuhi barabara ya Madogo, ng'ambo ya mto, iko namna gani. Habari hizo alizipata kwa kwenda mwenyewe kutazama na kwa kuwapigia makondakta kwa ile simu yenye mpira. Aliandika habari za nyumba za kupanga Garissa, za njia ya Hadado huko Wajir, za Buna na baridi yake ya alfajiri ambayo hakuna mtu wa bara anayeiamini. Chini ya kila ukurasa aliacha mstari mmoja tu: *Ukiwa peke yako, sisi tupo. Tuandikie.*

Wageni wakamiminika. Sikuamini kihesabu changu, nikakikagua nikidhani kimeharibika. Hawakuwa walimu peke yao. Siku moja adeer yangu, ndugu yake baba, dalali wa ng'ombe ambaye Kiswahili chake hakina p, aliingia dukani akaniambia gari zake zimelala ng'ambo.

"Nani kakuambia barabara imefungwa?" nikamuuliza.

"Nimesoma kwa ile ya kanisa. Walisema gari habiti, na kweli hakubita gari hata moja. Ile kitu iko kweli."

"Adeer, wewe unasoma tovuti ya kanisa?"

"Maji ikijaa, mimi nasoma ya mwenye kusema kweli," akasema, akaketi.

Katibu alikuwa pale pale kwenye kiti chake. Alijifanya anasoma, lakini alikuwa ameacha kusogeza ukurasa.

Kanisani kwake hawakufurahi wote. Mama mhazini alisema tovuti imekuwa ofisi ya utalii. Mchungaji, kijana mpole, alisema kwa upole kwamba amelitafuta jina la Yesu kwenye ukurasa wa nyumba za kupanga na hakuliona. Katibu aliyaleta malalamiko hayo kwangu kana kwamba mimi ni kamati ya rufaa. Nilimuuliza yeye anaonaje. Alisema hajui. Usiku anafikiri wana haki, asubuhi anafikiri hawana. Alisema, "Mgeni akifika kwenu, abaayo, si mnampa maziwa kabla ya kumuuliza ametoka wapi?" Nikasema ndivyo. "Na akiondoka bila kusema?" Nikamwambia huwa hivyo mara nyingi, naye ameshiba. Akaguna. Hilo lilimsumbua, nililiona, kwa sababu yeye wageni hakuwataka kwa kuwashibisha tu. Aliwataka ili mlango usifungwe.

Maana hapo ndipo penye ukweli mchungu. Tovuti ilijaa na mabenchi hayakujaa. Waliandika wachache, wakaja wachache zaidi, mwalimu huyu, polisi yule na mkewe, wakikaa nyuma bila kuulizwa kitu. Wengi walipata jibu lao wakaendelea na safari kwenda Wajir na Mandera huko, ambako hakuna Katibu.

Kisha ofisi kuu ikamtuma askofu aje ajionee. Katibu alichapisha kwangu hesabu yote ya wageni, kwa rangi, jambo ambalo hakuwahi kulilipia. Alivaa koti juu ya shati lile. Yaliyosemwa huko ndani alinieleza siku ya pili, akiwa ameketi bila kuegemea. Askofu alisoma karatasi zote na kumsifu sana. Halafu akauliza, "Katika hawa, wetu ni wangapi?"

Katibu alisema hajui.

Askofu akasema kuna njia rahisi ya kujua. Warudishe ile nafasi ya kujaza jina na kanisa. Katika miezi michache itajulikana ni nani, na kama ni wengi, yeye mwenyewe atawatetea Nairobi ili mchungaji asiondolewe.

"Na wewe ulimjibu nini?" nikauliza.

"Nilisema, Baba Askofu, tukiirudisha watakimbia. Akasema, wale wasio wetu ndio watakaokimbia. Nikasema hapana. Watakimbia walio wetu."

Yeye mwenyewe aliyekuwa akisimamisha watu maisha yake yote, aliambiwa asimamishe tena na kanisa lipone, akakataa. Nilimuuliza kama hajuti. Alisema anajuta tangu alfajiri. Aliniomba maji ya kunywa, akanywa, na akaniuliza kama barabara ya Madogo imefunguka, kwa sababu kuna watu wanangojea kusoma.

Mchungaji aliondolewa kabla ya mwisho wa mwaka. Desemba Katibu akapigiwa simu afunge jengo na kukabidhi ufunguo, na yeye, mtu wa serikali, akafunga na kukabidhi. Waliobaki walianza kusali sebuleni kwake. Wakati huo hakuja dukani. Nilipitia nje ya ule ukuta siku moja nikitoka kununua nyama, askari hakuwepo, mtu alikuwa ameanika mashuka yake juu ya lango. Nilihisi vibaya, na nilishangaa kuhisi vibaya, kwa kuwa lilikuwa lango la watu wengine.

Januari Katibu akaja. Nilikuwa nimejiandaa. Nilijua anakuja kuniambia nizime tovuti, kwani tovuti ya kanisa ambalo halipo ni ya nini, na nilikuwa nimepanga jinsi ya kumwambia kwa upole kwamba hanidai wala simdai. Akakaa kwenye kompyuta ya mlangoni, akasoma toka juu hadi chini, akarudia. Halafu akageuza kiti.

"Chini pale," akasema, "tumeandika watuandikie. Mtu aliye steji na begi hana nafasi ya kuandika. Weka namba yangu ya simu."

"Yako wewe? Katibu, hiyo itasomwa na kila mtu. Wazuri na wabaya."

"Najua."

"Wewe ndiye ulikataza hata jina la mtaa."

"Nilikuwa nalinda jengo," akasema. "Sasa hakuna jengo."

Nikaiweka. Vidole havikutaka, lakini niliiweka, nikamsomea, akasema sawa. Sikumlipisha naye hakuuliza, ikawa mara ya kwanza hatujabishana. Alienda nyumbani. Kesho yake alirudi kuhakikisha namba ipo, akakaa, na ilikuwa bado asubuhi ile simu ya mpira ilipolia juu ya meza.

Ilikuwa sauti ya mwanamke, kali kwa hofu, nami nilisikia kila neno kwa sababu Katibu husikiliza simu akiwa ameishika mbali na sikio. Alikuwa mwalimu mpya. Amepewa shule Takaba, huko Mandera. Ameshuka Garissa ili abadilishe basi, la Wajir limejaa limemwacha, la pili ni kesho, hajui mtu, hajui atalala wapi, na wanaume wa steji wanamvutavuta begi.

"Simama penye kivuli cha ofisi ya tikiti," Katibu akamwambia. "Begi liweke katikati ya miguu. Tunakuja."

Hakumuuliza jina. Alivaa kofia yake, akafika mlangoni, kisha akageuka.

"Abaayo," akasema, "akimwona mzee asiyemjua anamwendea, ataogopa tena."

Nilikuwa na mteja anangojea fotokopi. Nilimwambia arudi baada ya adhuhuri. Nikachukua thermosi yangu ya chai, nikafunga duka, nikaweka sawa mtandio wangu, tukaenda mimi na Katibu mguu kwa mguu hadi steji, yeye akitembea mbele kidogo kama walivyo wazee wote.

Tulimkuta pale alipoambiwa asimame. Alikuwa mdogo kuliko sauti yake. Alimtazama Katibu na shati lake lililofungwa hadi shingoni, akanitazama mimi na hijabu yangu nyeusi na thermosi, akarudi kwa Katibu, akarudi kwangu. Alikuwa ameishika simu yake ukurasa ukiwa bado wazi.

"Samahani," akauliza, "nyinyi ndio wa kanisa?"

Katibu alivua kofia. Alikuwa mtu asiyesema uongo hata kidogo, na jengo alikuwa amelifunga kwa mkono wake. Nilimwona anatafuta neno la kweli la kumwambia yule binti, na halipo.

"Ndio sisi," nikasema. "Leta hilo begi."